Anayeshuka Haulizwi

Ukifika Takawiri kwa boti kutoka Mbita, hakuna mahali pa kushukia. Nahodha anazima injini mita kadhaa kabla ya mchanga, boti inayumba, kisha vijana wanaingia majini hadi kiunoni na kukupa mgongo. Unapanda. Unakumbatia shingo ya mtu usiyemjua, begi lako limeshatangulia kichwani kwa mwingine, na unavushwa hadi nchi kavu kama mtoto. Mgeni analipa shilingi hamsini. Mtu wa kwetu analipa ishirini, na kama ni dani anarudi kutoka kliniki, halipi kitu. Wageni hupenda kupigwa picha wakiwa pale mgongoni, wanacheka. Mbebaji huwa hachekei kamera, anatazama chini kwa sababu kuna mawe.

Huo ndio ukumbi wetu wa kuwasili.

Naanza na mgongo kwa sababu kazi iliyonifanya nifikirie haya yote ilihusu ukumbi wa kuwasili wa ile aina nyingine, wenye mikanda ya mizigo na madirisha ya maafisa wa uhamiaji. Mimi huandika kwa malipo, chochote kile: makala za mbolea, matangazo ya nywele bandia, wasifu wa wanasiasa wadogo. Chuo niliacha mwaka wa tatu, ada ilipobadilishwa katikati ya muhula na tukapokea ujumbe wa simu uliosema kwamba maoni ya wanafunzi yamezingatiwa. Sikumbuki kuulizwa. Lakini hiyo ni hadithi nyingine, ama labda ni hii hii.

Basi kampuni moja ya washauri ikanitumia sauti iliyorekodiwa, saa mbili na dakika kumi, nigeuze iwe maandishi. Ndani yake wawakilishi wa mashirika ya ndege walikuwa wanashauriwa kuhusu ukumbi mpya wa kuwasili katika uwanja mmoja wa ndege wa ukanda huu. Nilitia sahihi kwamba sitautaja. Waliulizwa madirisha ya uhamiaji yawe mangapi, mikanda ya mizigo mingapi, ndege ngapi zitatua kwa pamoja saa ya msongamano. Halafu likaja lenyewe: pesa itoke wapi, na ianze kutoka lini, kabla ya jengo kusimama au baada. Hapo karibu na mwisho mtu mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Na tukikataa?"

Kukawa na kicheko cha sekunde nane. Nilipima. Kisha mwenyekiti akasema chai iko tayari.

Maagizo yangu yalikuwa kwamba vicheko haviandikwi. Sawa. Lakini pamoja na ile sauti walinitumia jedwali la kujaza, lenye safu ya "Maoni ya wadau" na safu ya "Jinsi yalivyozingatiwa". Safu ya kwanza ilikuwa tupu, ndiyo kazi yangu. Ya pili ilikuwa imeshajazwa, kuanzia juu hadi chini. Majibu yalikuwa yametangulia, yakisubiri maoni yaje yakae mbele yao kama abiria waliotengewa viti. Nilijaza. Nililipwa shilingi elfu nne na mia tano, na nilizihitaji.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo halitaki kulala. Kumuuliza mtu ni kufanya nini hasa? Na kama kuuliza kuna maana, nani aulizwe kwanza wakati kinachojengwa ni mlango?

Katika usafiri wa anga swali hili lina jibu rasmi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lina sera zake kuhusu ada za viwanja vya ndege. Ada iendane na gharama, isibague, iwe wazi, na watumiaji washauriwe kabla haijabadilishwa. Washauriwe pia kabla ya ujenzi mkubwa. Nilipoona neno "watumiaji" nilidhani ni mimi na wewe. Kumbe mtumiaji wa uwanja wa ndege, kwa lugha yao, kwanza kabisa ni shirika la ndege. Abiria yuko ndani ya shirika kama samaki ndani ya karai: anahesabiwa, hasemi.

Si ujinga, usicheke haraka. Shirika la ndege ndilo linalojua hesabu. Linajua ndege ya saa kumi na moja alfajiri itashusha watu wangapi na mizigo mingapi, na likiona mchoro wa jumba lenye maporomoko ya maji ya mapambo, ndilo litakalouliza yule anayelipia maji ni nani. Abiria mmoja mmoja hana nguvu wala muda wa kuuliza hivyo. Kwa hiyo mara nyingi shirika, likitetea mfuko wake, linautetea na wako.

Shida inaanza ukiangalia ukumbi wa kuwasili peke yake. Kwetu Kenya, ile ada ya huduma kwa abiria, dola 50 kwa safari ya kimataifa na shilingi 600 kwa safari ya ndani, hulipwa na anayeondoka. Imo ndani ya tiketi, huioni. Anayeondoka pia ndiye anayenunua kahawa na manukato akisubiri, kwa hiyo kila mtu anamtaka akae vizuri. Anayefika je? Ameshalipa, ameshaletwa, shirika limeshamaliza naye. Hana haja ya duka, anataka begi lake na mama yake. Na shirika ambalo biashara yake kubwa ni kuunganisha abiria kutoka ndege moja hadi nyingine linaweza kuwa na wateja maelfu ambao hawatakanyaga ukumbi wa kuwasili hata mara moja. Ukiliuliza kuhusu ukumbi huo, unamuuliza mtu kuhusu chumba ambacho wageni wake hawaingii.

Na huku nje ya kioo kuna wengine ambao hawako kwenye orodha kabisa. Wanaosubiri. Mama aliyesafiri usiku kucha kutoka Homa Bay kumpokea binti anayetoka kazini Ghuba, amesimama saa nne kwa sababu hakuna benchi. Dereva wa teksi. Kijana wa kubeba mizigo. Afisa wa uhamiaji ambaye atakaa kwenye lile dirisha miaka ishirini, mgongo ukimuuma. Nani amewahi kuwaita hao watumiaji?

Nairobi tuliwahi kuona ukumbi wa kuwasili una thamani gani siku ulipotoweka. Tarehe 7 Agosti 2013, alfajiri, moto uliteketeza ukumbi wa kuwasili wa kimataifa wa Jomo Kenyatta. Nilikuwa mtoto, tulitazama kwenye televisheni ya jirani. Abiria wakapokelewa kwenye mahema, baadaye ghorofa ya chini ya jengo la kuegesha magari ikageuzwa kuwa ukumbi. Nakumbuka mjomba wangu akisema, "Sasa na wao wanashuka kama sisi." Alisema bila ubaya, karibu kwa furaha.

Baada ya hapo mipango ilikuja mmoja baada ya mwingine. Ulikuwepo ule wa jengo jipya kabisa, Greenfield, la shilingi bilioni 56, la kuhudumia abiria milioni 20 kwa mwaka. Wakubwa walizindua, koleo zikapigwa picha, mkandarasi akalipwa malipo ya awali ya zaidi ya shilingi bilioni 4, na mwaka 2016 mradi ukafutwa bila jengo. Mwaka 2018 Kenya Airways yenyewe ikapendekeza iuendeshe uwanja kwa miaka 30. Hapo ndipo utaona ubovu wa neno "mtumiaji" ulivyo: mtumiaji mmoja, aliye mkubwa kuliko wote, alitaka kuwa mwenye nyumba, na watumiaji wengine wangekwenda kumlipa kodi mshindani wao. Bunge halikuukubali, mpango ukafa.

Kisha 2024. Sote tuliiona kwenye simu zetu. Julai zile nyaraka za Adani zikasambaa mtandaoni: miaka 30, dola bilioni 1.85, jengo jipya la abiria na njia ya pili ya kurukia ndege. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa, lakini wengi wetu tulikuwa tunausikia mpango huo kwa mara ya kwanza kutoka kwa kijana mmoja kwenye mtandao wa X. Chama cha Wanasheria na shirika la KHRC wakaenda mahakamani, na Septemba 9 Mahakama Kuu ikausimamisha kwa muda. Siku mbili baadaye wafanyakazi wa uwanja wakagoma na ndege zikakwama. Novemba 21 rais akaufuta mbele ya Bunge, baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki mwenye kampuni kwa ulaghai uliohusishwa na hongo, tuhuma ambazo kampuni ilizikana.

Wengi walisherehekea. Mimi pia. Ila angalia vizuri kilichousimamisha. Kesi, mgomo, na mashtaka kutoka nchi ya mbali. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni kuulizwa. Wale wafanyakazi hawakuitwa mezani. Walijiuliza wenyewe, wakajijibu, wakakaa chini. Tukisema umma ulisikika, tunaita kelele za mtu aliyekanyagwa mazungumzo.

Na hili si la jana. Uwanja wa kwanza wa Embakasi, uliofunguliwa 1958, ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Watu waliochimba njia ya ndege kwa sululu hawakuulizwa kama wanataka ndege. Kila tunapotua pale tunatua juu ya swali hilo, hata kama majengo yamebadilika.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu huku ndiko nilikojifunza kwamba si rahisi hivyo.

Ufukweni kwetu kuna wazo la kujenga gati. Kama huyajui mambo ya ziwani: kila ufuo wa wavuvi una BMU, yaani kamati ya kusimamia ufuo, na wanachama wake kisheria si wenye boti tu, bali hata mabaharia na wachuuzi wa samaki. Wazo la gati ni zuri. Boti itafunga kamba, watu watashuka kwa miguu yao, omena itapimwa pakavu, mjamzito hatavushwa usiku kwenye mawimbi. Kwa kuwa mimi ndiye "msomi" wa karibu, nusu msomi ukipenda, nilipewa kalamu niandike kumbukumbu za kikao.

Waliokuja walikuwa wenye boti. Kumi na mmoja, wanaume tisa. Mmoja wao, mzee ninayemheshimu sana, aliweka hoja yake wazi: "Anayelipa ndiye anayeulizwa. Ukimuuliza asiyelipa, atataka gati la dhahabu." Pendekezo lilikuwa ushuru wa shilingi mbili kwa kila kilo ya samaki atakayetua, uanze sasa, gati lije baada ya miaka mitatu likiwa limeshalipiwa nusu. Nilikaa pale na kalamu yangu nikitamani kucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaisikia hoja hii kwenye kompyuta, kwa Kiingereza safi, kutoka kwa watu wenye tai.

Kulipisha watu leo kwa jengo la kesho ni ubishi mkubwa hata huko juu. Kiwanja kinasema: tukikopa tutalipa riba, na riba mtailipa nyinyi tu, afadhali tuchange mapema. Mashirika ya ndege yanajibu: abiria wa leo hatalitumia jengo hilo, kwa nini amlipie abiria wa kesho? Na mkishapata pesa, nani atatuhakikishia mtajenga? ICAO inaruhusu, kwa masharti: watumiaji washauriwe, hesabu ziwe wazi, na muda uwe na mwisho. IATA, chama cha mashirika ya ndege, hakilipendi jambo hilo hata kidogo. Nikikumbuka Greenfield, sishangai.

Dani yangu hajui IATA. Yeye hununua omena kwa makarai, anaianika, anaipeleka Mbita. Anajua kwamba shilingi mbili za mwenye boti zitamfikia yeye jioni hiyo hiyo kwenye bei ya karai. Nilipomweleza aliendelea kugeuza omena yake juani, kisha akasema, "Miaka mitatu? Mimi siku hiyo nitabebwa na watu wanne. Sitahitaji gati."

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Kwa sababu yeye mwenyewe, wiki iliyopita, alinunua miche ya miembe. Mtu wa miaka sabini na kitu hapandi mwembe akihesabu embe zake. Kwa hiyo si kweli kwamba mtu hawezi kumlipia yule atakayekuja baadaye. Tunafanya hivyo kila siku, kwa furaha. Lakini mwembe aliuchagua. Ushuru ulikuwa unamfuata kwa mlango wa nyuma, ndani ya bei, bila mtu kumwambia "Mama, tunaomba." Nadhani tofauti yote iko hapo. Sadaka na wizi vinaweza kuwa shilingi zile zile mbili.

Mnaweza kunijibu kwamba ukimuuliza kila mtu hujengi kitu. Ni kweli, na naliogopa hilo. London, uchunguzi wa hadhara kuhusu jengo la tano la Heathrow ulianza 1995 ukaisha 1999, siku 525 za vikao. Jengo likafunguliwa Machi 2008, na siku ya kwanza mizigo ikapotea kwa maelfu, safari zikafutwa. Miaka yote ile ya kuuliza, na bado wafanyakazi wa mizigo hawakuwa wamezoeshwa jengo lao vya kutosha. Kwa hiyo wingi wa maswali si dawa. Unaweza kuuliza hadi ukachoka na bado usifike kwa yule anayeshika begi.

Mimi nimefikia hapa, na sijui kama nitabaki hapa. Swali ni swali tu kama jibu la "hapana" linaweza kubadilisha kitu. Kama haliwezi, hiyo ni taarifa, na taarifa si dhambi, mradi uiite taarifa. Na wa kuulizwa kwanza ni yule asiye na pa kwenda. Shirika la ndege likichukia ada za Nairobi linaweza kupeleka ndege zake Addis. Mwenye boti anaweza kutua Mfangano. Anayelipa ana mlango wa kutokea, ndiyo maana anasikilizwa bila hata kuitwa. Yule ambaye hana mlango mwingine, tukimwacha hadi mwisho, tutamkuta ameshajibiwa kwenye safu ya pili.

Niliyaandika haya kwa daftari nikijiona mwerevu. Kumbukumbu za kikao niliziandika vizuri pia. Niliongeza mstari kwamba wachuuzi waitwe kikao kijacho, na mzee alinung'unika lakini akakubali. Nilijisikia nimefanya kitu.

Jumamosi nikaenda Mbita kuchapisha zile karatasi. Narudi jioni, upepo umeanza, boti inazima injini pale pale kama siku zote. Kijana mmoja akanipa mgongo. Tulisoma naye shule ya msingi, alikuwa ananishinda hesabu. Nikapanda, bahasha nimeishikilia juu isilowe.

"Omera, nasikia mlikuwa na kikao," akasema. "Mnapanga nini?"

Nikamwambia: gati. Nikamwambia kuhusu boti kufunga kamba, watu kushuka kwa miguu yao, wajawazito, usiku, mawimbi. Nilikuwa naeleza kwa bidii. Nilikuwa katikati ya sentensi wakati nilipohisi hatusogei tena. Alikuwa amesimama, maji yakimfika kiunoni, mikono yake bado imeshika magoti yangu.

"Rudia," akasema. "Polepole."